Mkorofi Si Samaki, Ni Tangi

Ingia duka la samaki wa mapambo uulizie sikilidi. Kabla hujafika kwenye bei utaonywa: hao ni wakorofi, watamaliza wenzao. Onyo hilo limeshageuka imani. Wafugaji wanarithishana, na kila akiokotwa samaki mfu mwenye mapezi yaliyochanika, imani inapata shahidi mwingine. Mimi nasema ni uzushi, tena uzushi unaomfaa mfugaji. Samaki akishabandikwa ukorofi, hakuna anayeuliza tangi lilipangwaje.

Sikilidi si wageni kwetu. Ni ukoo wa sato na perege tunaowala, na wa furu wa Ziwa Victoria. Maziwa ya Victoria, Tanganyika na Nyasa yana mamia ya spishi zao, na nyingi hazipatikani kwingine duniani. Huko wanaishi kwa kubanana, majirani kwa majirani, kwenye majabali na michanga ile ile. Ujirani wa namna hiyo hauwezekani bila taratibu.

Hebu tuutazame kwa karibu huo unaoitwa ugomvi. Astatotilapia burtoni ni samaki mdogo wa kingo za Ziwa Tanganyika. Dume akishapata himaya huchimba shimo mchangani kwa mdomo wake, huvaa rangi kali, na mstari mweusi hujichora kutoka jichoni kushuka tayani. Jike akipita, dume humwendea mbio, hujipinda mbele yake, hutanua mapezi na kutetemeka mwili mzima. Kisha huelekea shimoni akitikisa mkia, na jike asipofuata humrudia. Mfugaji asiyejua huona jike anaonewa, kumbe anaposwa. Akiridhia, wawili hao huzungukana shimoni. Jike hutaga mayai machache na papo hapo huyaokota mdomoni. Dume naye hutandaza pezi lake la chini, lenye madoa ya njano mfano wa mayai. Jike huyadonoa madoa hayo, na manii huingia mdomoni kuyakuta mayai. Kwa takriban wiki mbili mama huyo hubeba watoto kinywani.

Hata mapigano yenyewe si ya kukurupuka. Mwaka 2007 Logan Grosenick, Tricia Clement na Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio lao juu ya samaki huyuhuyu. Dume mtazamaji aliwaona wenzake wakipambana wawili wawili: wa kwanza akamshinda wa pili, wa pili akamshinda wa tatu, hivyo hivyo hadi wa tano. Wa pili na wa nne hakuwahi kuwaona wakikutana. Alipowekwa kati yao, alijisogeza kwa wa nne, aliye dhaifu. Alikuwa ameunganisha mambo aliyoyaona akapata jibu la jambo ambalo hakuliona. Faida yake ni wazi: ajuaye nani mwenye nguvu hana haja ya kupigana na kila mtu. Aliyeshindwa hufifisha rangi na kupisha. Mkubwa akiondoka, mdogo huweza kung'aa ndani ya dakika chache, na baada ya siku kadhaa korodani zake nazo hukua. Daraja ya kijamii inaingia hadi mwilini.

Sasa mtie samaki huyo kwenye tangi. Ziwani aliyeshindwa huenda zake. Tangini hukimbia hadi kwenye kioo, na hapo bado yumo ndani ya himaya ya mshindi. Amesalimu amri kwa rangi na kwa mwendo, lakini hana pa kwenda. Kipigo ambacho kingekoma mara moja kinaendelea hadi mauti. Fahali wawili hawakai zizi moja, walisema wahenga. Hawakusema fahali wana roho mbaya, walitaja zizi.

Imani hii ina wasomi wake pia. Konrad Lorenz, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alieleza katika kitabu chake cha 1963 kuhusu uchokozi kwamba jozi ya sikilidi isipokuwa na majirani wa kugombana nao, dume huweza kumgeukia mkewe. Yeye alisema ni hasira iliyojikusanya ikatafuta pa kutokea. Nakubali alichokiona, nakataa alichokihitimisha. Dume aliyeumbwa kulinda mpaka, ukimnyima mpaka na majirani, umemvurugia mazingira yanayoipa tabia yake maana.

Sisemi ni malaika. Hata ziwani wapo wanaokula mayai na watoto wa wenzao. Lakini mtazame Neolamprologus pulcher wa Tanganyika: wadogo hubaki nyumbani kwa wakubwa, hulinda mayai na kufukua mchanga, na mzembe huweza kushambuliwa. Shambulio hilo ndilo linalokumbusha wajibu ndani ya kaya.

Kwa hiyo anza na tangi. Kwa spishi ambazo majike hubeba mayai mdomoni, weka dume mmoja na majike kadhaa, ili asiandamwe mmoja tu. Panga mawe yakate macho, anayekimbizwa apotee machoni. Ukiingiza mgeni, yapange upya kwanza, mwenyeji asiwe na madai ya zamani. Na zima hiyo taa ya buluu inayopendwa sebuleni, uwashe nyeupe.

Taa si pambo tu. Ziwa Victoria lina Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Dume wake ni mwekundu, na ndugu yake Pundamilia pundamilia ni wa buluu. Katika majaribio ya Ole Seehausen na Jacques van Alphen, majike walichagua madume wa spishi yao chini ya mwanga mweupe. Chini ya mwanga wa rangi moja uliofuta tofauti hiyo, hawakuwatofautisha tena. Mwaka 1997 watafiti hao pamoja na Frans Witte walionyesha katika jarida la Science kwamba jambo hilohilo linatokea ziwani: penye maji yaliyotibuka, rangi hufifia na spishi hupungua, kwa kuwa uchumba unategemea macho.

Hapo ndipo imani ya ukorofi inapotugharimu zaidi. Tumezoea kumlaumu sangara kwa kuwamaliza furu, na lawama hiyo anastahili. Lakini maji taka na mbolea inayotiririka kutoka mashambani huweza kufuta spishi bila kuua samaki hata mmoja: wanabaki wakiogelea, wakizaana, wakichanganyikana hadi hakuna wa kutofautishwa. Anayedhani samaki anajua kuuma tu hawezi kuiona hasara hiyo. Nafasi, mwanga na usafi wa maji viko mikononi mwetu, tangini na ziwani. Silika ya samaki haiko. Tuanze kuhukumu kwa yale tunayoweza kuyarekebisha.