Leseni Iko Mbali, Gereza Liko Karibu



Tulipokuwa katika utume wa kichungaji Bugarama, ile ya Msalala wilayani Kahama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, jioni moja tulialikwa chakula baada ya sala ya jumuiya ndogondogo. Mama mwenye nyumba alituletea ugali na nyama iliyokaushwa, nyeusi, yenye harufu ya moshi. Mmoja wetu akauliza ni nyama gani. Baba mwenye nyumba akacheka, akasema, "Frateri, kula tu. Nyama hii haina jina." Tukala, na tukaomba tuongezewe.

Wiki chache baadaye kijana aliyekuwa akiileta nyama ile alikamatwa njiani na pikipiki yake, akiwa na mfuko wa nyama na nyaya za kutegea. Ni baba wa watoto watatu, na mdogo wao alikuwa katika orodha ya watoto tuliokuwa tukiwaandaa kwa ubatizo. Mke wake alikuja kutuomba tumkumbuke mumewe katika Misa. Hakuitaja ile sahani. Sisi tuliikumbuka, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi tunaizungumza bila kuijua. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais amekabidhiwa kuwatunza kwa niaba ya wananchi. Hakuna mnyama wa porini aliye wa mtu binafsi, hata akilala shambani kwako. Anayetaka kuwinda lazima awe na leseni, na leseni hiyo hutaja mnyama, idadi, eneo na muda. Uwindaji wa kitalii una msimu wake, kuanzia tarehe 1 Julai hadi tarehe 31 Machi. Miezi inayobaki, ile ya masika, pori linaachwa lipumzike. Kuwinda usiku ni marufuku, vivyo hivyo kutumia sumu, mashimo na nyaya za kunasa. Simba dume asiyetimiza miaka 6 haruhusiwi kupigwa, kwa sababu dume kijana akiondolewa mapema, dume mwingine huingia katika familia ile na kuwaua watoto, na hapo risasi moja imeondoa kizazi kizima.

Hizi si kanuni za kipumbavu. Tunasema hivyo kwa sababu pale Bugarama tulisikia mara nyingi kwamba msimu ni mbinu ya wakubwa ya kuwanyima wadogo. Aliyesoma Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, atakumbuka agizo linalowashangaza wengi kwa udogo wake: ukikuta kiota njiani na mama ndege amewalalia makinda au mayai, unaweza kuchukua makinda, lakini mama mwachie aende. Waisraeli walikuwa na vita, njaa na mipaka ya kugombania, na bado Mungu aliona vema kusema neno kuhusu kiota. Ukilitazama vizuri, hilo ni agizo la msimu na la kiwango. Kula, lakini acha kitakachozaa mwakani. Mambo ya Walawi, sura ya 17, inamtaka mwindaji amwage damu ya mnyama na kuifunika kwa udongo, kama mtu anayekiri kwamba uhai alioutwaa si wake. Na Mama Kanisa hajawahi kufundisha kwamba kula nyama ya porini ni dhambi. Katekisimu inaruhusu kutumia wanyama kwa chakula na mavazi, na inakataza kuwatesa bila sababu. Nyaya ya pikipiki iliyofungwa mtini, inayomkata swala mguu na kumwacha siku mbili akilia, iko wapi katika mafundisho hayo? Kila mmoja ajibu.

Kwa hiyo hatuko upande wa nyaya. Ugomvi wetu ni mwingine.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, lililowekwa na mwenye dhamana ya jamii, na kutangazwa. Seminarini tunaikariri tafsiri hiyo kwa ajili ya mtihani, na neno la mwisho hulipita haraka. Kutangazwa. Sheria ya 2009 iliandikwa kwa Kiingereza. Bunge lilibadili utaratibu mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria, na ni jambo la kushukuru, lakini mzee wa Bugarama hajaletewa kitabu mlangoni. Yeye amejifunza sheria ya wanyamapori kwa njia moja tu, kwa kuona nani amekamatwa.

Na hata akiijua, leseni ataipataje? Anahitaji kwenda kwa ofisa wanyamapori, anahitaji silaha iliyosajiliwa kisheria, anahitaji nauli, muda na ada. Mtu anayelima ekari mbili za karanga na mihogo, na anayeshinda kwenye maduara ya dhahabu wakati wa kiangazi, hana bunduki wala hatakuwa nayo. Kwake neno leseni ni kama neno pasipoti, analisikia likitajwa kwa watu wengine. Kutoka nje ya nchi mtu anaweza kuja Julai, akalipia kitalu, akapiga nyati kwa kibali halali na kurudi kwao na pembe. Hatumwonei wivu, fedha yake inalipa askari wa pori na inajenga madarasa mahali fulani. Lakini mkulima anayemwona mgeni huyo akipita na gari, halafu anamwona jirani yake akipita amefungwa pingu, anaelewa kwamba mnyama ni yuleyule.

Eneo letu lina historia yake katika jambo hili. Magharibi ya Kahama kuna Kigosi, nyika na mabwawa yanayogusa mikoa ya Geita, Shinyanga, Tabora na Kigoma, makao ya nyati, korongo na nzohe anayeishi kwenye majani ya maji. Kwa miaka mingi lilikuwa pori la akiba, na wawindaji wa kitalii waliingia kwa msimu. Mwaka 2019 Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na Kigosi nayo ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote, awe mgeni au mwenyeji. Kisha mwaka 2023 Bunge likaridhia kuiondolea Kigosi hadhi hiyo. Labda kila hatua ilikuwa na sababu nzuri. Ila mtu wa kijijini, anayefuata asali na kuni pembezoni mwa pori, alibadilishiwa kanuni zaidi ya mara moja ndani ya miaka michache, na hatujakutana na mmoja aliyeweza kutueleza tofauti ya pori la akiba, pori tengefu na hifadhi ya taifa. Tuliwauliza hata makatekista wetu. Sisi wenyewe ilitubidi tukasome.

Wasukuma hawakuwa watu wa kuwinda ovyo. Walikuwa na vyama. Anayetembelea makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na padre mmisionari David Clement, ataona jinsi vyama vya ngoma, tiba na uwindaji vilivyobeba elimu ya watu hawa. Walikuwepo Banunguli, wawinda nungunungu, waliomfuata mnyama huyo mpaka ndani ya shimo lake kwa sababu alimaliza mazao shambani. Chama kilikuwa na wakubwa wake, nyimbo zake na miiko yake, na kijana hakuingia shimoni bila kufundishwa. (Tumewaza mara nyingi kwamba wajukuu wa watu hawa leo wanaingia mashimo mengine, ya dhahabu, na huko nako wenye leseni na wasio na leseni wanatazamana kwa macho mabaya.) Mwiko wa chama ulikuwa karibu na mtu. Aliyeuvunja aliulizwa na mzee anayemfahamu kwa jina la baba yake. Leo vyama vimebaki kwenye ngoma za maonyesho, na nafasi ya yule mzee imechukuliwa na hakimu.

Na hukumu za hakimu ni nzito mno. Kukutwa na nyara za serikali, yaani nyama, ngozi, jino au pembe bila kibali, huunganishwa na sheria ya uhujumu uchumi, na mahakama zetu zimekuwa zikitoa vifungo vya miaka 20 na zaidi. Mwaka 2023 nchi nzima ilisikia habari za mama mmoja mkoani Iringa aliyehukumiwa miaka 22 kwa vipande vya nyama ya swala. Watu walishtuka, na baadaye Mahakama Kuu ikamwachia huru. Yeye alipata bahati ya kusikika. Mahakama ya Rufani nayo imefuta hukumu kadhaa za namna hii, mara nyingi kwa sababu nyama iliteketezwa kabla ya kesi bila mshtakiwa kuletwa mbele ya hakimu na kusikilizwa. Tunaishukuru mahakama kwa uangalifu huo. Lakini rufaa ni miaka, na katika miaka hiyo karanga zinaota magugu na watoto wanaacha shule.

Adhabu hiyo ilikazwa kwa sababu ya pembe za ndovu. Tembo wetu waliuawa kwa maelfu na magenge yenye fedha na bunduki za kivita, na taifa lilikuwa na haki ya kukasirika. Ila wavu uliofumwa kwa ajili ya papa unavua dagaa. Anayebeba meno ya tembo kwenda bandarini na anayebeba paja la digidigi kwenda kuuza kwa wachimbaji wanasimama kizimbani chini ya maneno yaleyale.

Upande wa pili wa mizani nao tuutaje. Mnyama akiingia shambani au akiua mtu, kanuni za mwaka 2011 zilileta malipo yanayoitwa kifuta jasho na kifuta machozi. Majina yenyewe yanakiri kwamba si fidia. Kwa familia ya aliyeuawa kiasi kilichowekwa wakati ule kilikuwa shilingi milioni 1. Sheria inamruhusu mtu kujilinda dhidi ya mnyama, lakini nyama ya mnyama huyo ni ya serikali, na lazima atoe taarifa. Hebu jiweke mahali pa mwenye shamba ambaye amemuua mnyama usiku na sasa anatakiwa kutembea hadi ofisini kueleza, akijua yaliyompata jirani.

Serikali imewahi kuonyesha kwamba inaweza kufikiri kwa namna nyingine. Mwaka 2020 zilitungwa kanuni za kitoweo cha wanyamapori, zikaruhusu mabucha ya nyamapori, ili mwananchi ale nyama ya nchi yake kihalali na kwa risiti. Wazo hilo lilitufurahisha. Lakini bucha likiwa mjini tu, na bei yake ikimfaa mtumishi wa mjini, halimwondoi mtu wa Bugarama katika nyaya. Pale kwenye mnada na magulio, pembeni mwa mgodi mkubwa kuliko yote tuliyowahi kuona, sisi hatukuliona hata moja. Tungependa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ianze na maeneo kama haya, yaliyo karibu na pori na yenye wanunuzi wengi. Tungependa pia vijiji vinavyopakana na mapori vipewe mgao wao wa wanyama kwa msimu, uwindwe na mtu mmoja mwenye leseni chini ya macho ya ofisa, na nyama igawanywe hadharani. Na tungependa Bunge litenganishe kitoweo na biashara ya pembe, mtu wa kitoweo apigwe faini anayoweza kulipa au kazi za jamii, pengine kung'oa nyaya alizotega.

Tumesema ya serikali, sasa yetu. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alitoa waraka wake Laudato Si' mwaka 2015, na sisi tumeufanyia semina, tumepanda miti, tumepiga picha. Kisha tukaketi mezani Bugarama tukala nyama isiyo na jina na kuongezewa. Mapadre, mafrateri, masista na wenyeviti wa vigango ni wageni wa heshima katika nyumba za watu, na kwa mgeni wa heshima hutafutwa kilicho bora. Kijana yule alitega nyaya kwa ajili ya soko, na soko lile tulikuwemo. Tumekwenda kumwona mahabusu mara mbili. Mara ya kwanza alituamkia kwa heshima kama kawaida yake, akauliza kama ubatizo wa mwanawe utaahirishwa. Tukamwambia hautaahirishwa. Mara ya pili tulimweleza kwamba nasi tulikula. Akatazama chini, akasema, "Najua, frateri. Niliwaletea ya kiuno."

Tumekubaliana na halmashauri ya kigango kwamba kabla ya Julai, msimu unapofunguliwa, tutamwalika ofisa wanyamapori aje Jumapili baada ya Misa, akae na waamini chini ya mwembe, aeleze kwa Kiswahili na mkalimani wa Kisukuma nini kinaruhusiwa, leseni inaombwaje, na mwenye shamba lililoharibiwa aandike nini. Barua imeshapelekwa. Wazee wameomba aanze na nungunungu, maana karanga zinakaribia kukomaa.