Tunawakuta Kirahisi Mno

Kuna sifa moja tunayopenda kuwapa wanamuziki wetu wa zamani, na mimi nimechoka kuisikia. "Yule mzee hana makuu bwana, nimekutana naye kituoni, tumepanda daladala moja!" Kisha inafuata picha: shabiki kakenua meno, mzee kasimama pembeni, na watu chini wanamwaga mioyo myekundu. Hoja yangu ni fupi. Urahisi wa kukutana nao tunauita unyenyekevu, wakati mara nyingi maana yake ni kwamba hawakulipwa.

Msinielewe vibaya, mimi mwenyewe ni shabiki wa kupindukia. Nimekulia kwenye kaseti za Msondo na Sikinde, na kila nikimwona mmoja wao moyo unanienda mbio. Nimemkuta mpiga solo ambaye gitaa lake nimelikariri tangu shule ya msingi, akibishana na konda aliyetaka gitaa hilo lilipiwe nauli kama abiria. Nimemkuta mwimbaji kwenye benchi la hospitali, kadi mkononi. Vijana wawili walimwomba picha, akatabasamu, wakaenda zao. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee wangu," nikamtajia wimbo wake nilionunua Kariakoo. Akaniuliza, "Marahaba kijana wangu. Huyo anayeuza, unamjua? Maana mimi sijawahi kumwona."

Swali lile lina historia. Miaka ya 1970 na 1980 bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa malipo madogo, na kanda zikabaki maktaba ya redio. Bendi kubwa zenyewe zilikuwa na wenyewe: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ikawa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo hiyo DDC. Vyombo vya mwajiri, mshahara wa mwajiri. Ukiondoka, unaondoka na koo lako tu. Wakaja wanakili kaseti, wakala bila jasho. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipotungwa mwaka 1999, Mbaraka Mwinshehe alikuwa kaburini miaka 20.

Wala si sisi peke yetu. Pale Zambia, Emmanuel Chanda, aliyejiita Jagari kwa kumhusudu Mick Jagger, aliimba rock na bendi ya WITCH na kuitikisa nchi miaka ya 1970. Baadaye akaishia kuchimba vito. Mashabiki wa Ulaya na Marekani ndio waliozifufua rekodi zake, na akapanda tena majukwaani uzeeni. Je, aliyekutana naye machimboni, kavaa buti zenye udongo, naye alisema "hana makuu"?

Hapa Dar tuna kituo cha daladala, Sinza kwa Remmy. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, alitufikia mwaka 1978 na akafariki mwaka 2010. Lebo ya Peter Gabriel kule Uingereza ilitoa albamu yake mwaka 1989. Sisi tumempa kituo. Ni heshima, sikatai. Lakini ukimuuliza kijana anayeshuka pale "Remmy" ni nani, wengi watakwambia ni jina la mtaa.

Najua nitajibiwa kwamba ukaribu ndio utamaduni wetu, kwamba hatutaki wasanii wa kuzungukwa na mabaunsa. Hata mimi sitaki. Raha ya mji huu ni kwamba unaweza kukaa meza moja na mtu aliyeimba harusi ya wazazi wako. Ila ukaribu ni kitu kimoja na ufukara ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa karibu na watu akiwa na bima ya afya. Anaweza kupanda daladala kwa sababu anapenda soga, huku gari lake likiwa nyumbani.

Wengine watasema, "Sasa mimi shabiki wa kawaida nifanye nini? Kawaulizeni serikali." Sawa, serikali iulizwe. Lakini anayeingia dansini kwa kujuana na mlinzi ni wewe. Mwenye baa anayepiga zilipendwa kila Jumapili na kukwepa mirabaha ni jirani yako, na bia zake unazinywa. Mchango wa matibabu tunautoa haraka, na rambirambi haraka zaidi. Kiingilio ndicho kinachotushinda.

Kwa hiyo ukimkuta mzee kituoni, mwamkie, mtajie wimbo, muulize solo ile aliipiga nani na besi nani, maana majina hayo nayo yanapotea. Muulize anapiga wapi wiki hii. Kisha nenda, ulipe mlangoni, tena usiombe chenji. Picha mtapiga baadaye, kama bado mna hamu nayo.