SIMAMA DAKIKA TANO KABLA HUJAJIBU "BEI YA MWISHO?"

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, tuongee ukweli. Mtaji tunaoutaja kila siku ni pesa, bando na mzigo. Mgongo hakuna anayeuhesabu. Unaamka, unashika simu, umeinama mpaka saa sita, kifua kimebana, pumzi fupi fupi. Hapo anatokea mtu wa "bei ya mwisho?" kwa mara ya nne, unamjibu ovyo, anaondoka na wenzake.

Maoni yangu: kusimama dakika tano ni sehemu ya kazi, siyo uvivu.

Wachina wana zoezi linaitwa zhan zhuang, yaani kusimama kama nguzo. Walimu wao wa kungfu wanalitumia kujenga miguu na kutuliza pumzi. Wang Xiangzhai, aliyefariki 1963, alilifanya ndiyo msingi wa mafunzo yake.

Halitaki jimu wala vifaa. Kwetu Rondo chini ya mkorosho panatosha. Fanya hivi:

1. Tanua miguu upana wa mabega, magoti yalegee kidogo tu.
2. Inua mikono usawa wa kifua kama umekumbatia shina la mkorosho. Mabega yashuke.
3. Vuta pumzi kwa pua taratibu, tumbo litoke. Itoe taratibu, tumbo lirudi. Usiibane.
4. Anza na dakika mbili, panda mpaka tano.

Mapaja yatatetemeka, ni misuli inafanya kazi. Majirani watasema umepagawa. Waache, wao hawakulipii bando.

Ila kuna wenzetu wakiona kitu cha Kichina tu wanawaza kukiuza. Usiliuze zoezi hili kama tiba ya presha au sukari. Mtu akiacha dawa zake kwa sababu ya posti yako, faida yake huwezi kuila kwa amani. Mwenye presha, mjamzito au mwenye goti bovu amuulize kwanza mhudumu wa afya. Ukisikia kizunguzungu, kaa chini.

Mteja akisubiri dakika tano hafi. Mgongo ukigoma wiki nzima, nani atafunga mizigo? Nani ataiwahisha kwenye gari la Lindi? Duka lako lina mfanyakazi mmoja tu, na ndiye wewe. Mtunze.

Asubuhi unaanza na nini, mwili au simu? Tupia jibu hapo chini.