Sanduku la Spana ni la Nani?

Jumamosi jioni, katika gereji za upande wa Mulago, mafundi husikia agizo lile lile: "Kijana, kesho twende Busiika, uje na vifaa vyako." Mwenye gari si dereva wa kulipwa. Ni mtu wa ofisi au wa duka, apendaye kukimbiza gari lake uwanjani siku ya mapumziko, nasi hatumwonei kijicho. Mchezo huu ni wa zamani kwetu Afrika Mashariki. Safari Rally ilianza 1953, na Joginder Singh, aliyeishinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuvuma kwa udereva. Lakini twauliza: kwa nini sanduku la spana liwe la fundi, na raha ya siku iwe ya mwenye gari?

Tazameni kinachopakiwa. Spana, soketi, bisibisi, plaisi, nyundo, waya na tepu fundi anavyo. Ni mali yake, vimechakaa kwa kazi ya wiki nzima, na vikipotea majanini hakuna anayevilipa. Vinavyokosekana daima ni vile vya bei: stendi za chuma za kuegemeza gari, geji ya upepo, chupa mpya ya oili ya breki, mtungi wa kuzimia moto, glavu. Bwana amejinunulia helmeti na matairi mapya, lakini akiulizwa habari za stendi hujibu, "Tutatafuta matofali huko huko."

Matofali! Tofali la saruji huonekana imara, kisha hupasuka ghafla. Jeki nayo ni ya kuinulia tu. Sili ikivuja gari hushuka, na aliye chini hana pa kukimbilia. Ndugu zetu wa karakana za trekta katika mashamba ya miwa na chai wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi, maana nao huambiwa watumie kigogo.

Tena gari la uwanjani si gari la kwenda sokoni Wandegeya. Breki hupata moto mkali, na oili iliyozeeka, ambayo imekwisha kunyonya unyevu, huchemka hadi pedeli ikazama mpaka chini. Nati za magurudumu hazina budi kukaguliwa na kukazwa upya baada ya mizunguko ya kwanza. Upepo wa matairi hupanda kwa joto. Kazi yote hiyo hufanywa mbio mbio, rejeta ikitokota na mwenye gari akitazama saa. Chupa ya oili na stendi mbili si anasa hapo.

Wapo watakaosema fundi hakulazimishwa, alipewa chakula na soda, akafurahi kuona magari. Kweli, wengi hufurahi. Hata hivyo soda si mshahara. Malipo ya Jumapili yakubaliwe Jumamosi, kabla sanduku halijafungwa, mbele ya mtu wa tatu. Vifaa vya fundi viandikwe kimoja kimoja, na kitakachopotea kilipwe. Stendi, glavu na mtungi wa moto vinunuliwe na anayetaka kukimbiza gari. Visipokuwapo, fundi asiingie chini ya gari, hata bwana akinuna.

Aliyetumwa uwanjani na mwenye gereji yumo kazini, hivyo ndivyo tuonavyo sisi. Sheria ya Uganda ya usalama kazini ya 2006 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Na fundi akiumia, mambo yasiishie kulazwa Hospitali ya Mulago na kupewa nauli ya kurudi nyumbani. Sheria ya fidia ya 2000 yataka mwajiri aarifiwe katika mwezi mmoja tangu ajali. Taarifa iandikwe, siku na mahali vitajwe, na waliokuwapo watie sahihi. Asiyeweza kuandika amwone katibu wa tawi lake.