AFYA NYUMBANI: Dawa Mseto Isibaki Kabatini

Wengi wetu huku Tanga tumelifanya jambo hili. Mtoto amepimwa, ameonekana ana malaria, tumepewa dawa mseto. Siku ya pili homa imeshuka, mtoto anacheza uani, nasi tunaviweka kabatini vidonge vilivyobaki, eti vya homa ijayo.

Dawa hiyo imetoka mbali. Wachina walikuwa na mmea uitwao qinghao, wa jamii ya pakanga. Katika karne ya 4 tabibu wao Ge Hong aliandika kwamba ulowekwe katika maji, ukamuliwe, na mgonjwa anywe. Hakusema uchemshwe. Mwaka 1971 Bibi Tu Youyou, mtafiti wa Beijing, alilitafakari neno hilo baada ya majaribio mengi kushindwa. Akaona huenda moto ndio unaoiharibu dawa, akaitoa pasipo joto kali, nayo ikafaa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini sifa za kitabu cha kale hazikutosha. Dawa ilipimwa, tena kwa watoto wetu. Kati ya 2002 na 2004, katika Hospitali Teule ya Muheza, watoto zaidi ya 1,800 walipewa dawa za aina nne ili zilinganishwe. Kufikia siku ya 14, amodiakwini peke yake ilikuwa imeshindwa kuondoa vimelea kwa watoto 42 katika kila 100; mseto wa ALu, kwa mmoja tu. Mwishoni mwa 2006 ALu ikaanza kuchukua nafasi ya SP nchini.

Basi tuitumie ilivyopimwa. Dozi ni sita: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtoto aimeze pamoja na maziwa, au uji wa tui (nazi hatuikosi!), maana mafuta huisaidia kuingia mwilini. Tukiikatiza, vimelea vilivyosalia huzaana tena.

Na jirani akituletea chai ya majani ya pakanga, tumshukuru, ila tusimpe mtoto badala ya vidonge. Kiasi cha dawa kilichomo kikombeni hakijulikani, na Shirika la Afya Duniani haliikubali.

Mtoto akishikwa na degedege, au akitapika kila kitu, tusingoje. Twende hospitali, huko kuna sindano ya atesunate, itokanayo na mmea uleule. Muheza ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoipima, na matokeo ya 2010 yalionyesha kuwa waliochomwa sindano hiyo walifariki wachache kuliko waliopewa kwinini.