MAISHA YA WALIOTUTANGULIA: Bibi Margery Fry na Deni la Miaka 442



Mwezi huu nataka kuwaeleza habari za kazi ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa kazi ya kumwitia mtu maisha yake yote. Ni kazi ya kuwaangalia wafungwa, na kuwaangalia wale walioumizwa na hao wafungwa. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi hizi mbili zinapingana, na kwamba anayemhurumia mwizi hawezi kumhurumia aliyeibiwa. Mama ninayetaka kuwaeleza habari zake alizishika zote mbili, ingawa ile ya pili aliisemea zaidi katika uzee wake, wakati ambao watu wengine hukaa kuota jua.

Jina lake ni Margery Fry, Mwingereza, aliyezaliwa London mwaka 1874. Msomaji asimchanganye na Elizabeth Fry, yule aliyeingia gereza la Newgate mwaka 1813, akawafundisha wanawake wafungwa kusoma na kushona, akafa mwaka 1845. Huyu wetu alikuja baadaye. Wote wawili walizaliwa katika jamaa za Marafiki, ambao ndugu zetu wa Kaimosi wamewajua tangu mwaka 1902, ila wale waliokuja Kaimosi walitoka Marekani.

Baba yake, Sir Edward Fry, alikuwa jaji mkubwa, basi mambo ya sheria aliyasikia mezani tangu utoto. Hakuolewa. Alisoma Oxford katika chuo cha Somerville, akawa mtunza vitabu pale, kisha mwaka 1904 akapewa kuitunza nyumba ya wanafunzi wanawake huko Birmingham, akakaa miaka 10. Mwaka 1913 baba yake mkubwa alikufa akamwachia urithi, na tangu hapo hakulazimika kutafuta mshahara. Ndiyo maana aliweza kutumikia vyama visivyo na fedha. Urithi ule ulitoka katika biashara ya chokoleti ya jamaa yao. Na kakao ya chokoleti ile, hata mwaka 1909, nyingine ilinunuliwa kutoka kisiwa cha São Tomé, ambako Waafrika waliochukuliwa kutoka Angola walitumikishwa kama watumwa. Simlaumu binti kwa ghala ya jamaa yake, lakini Mwafrika anayeandika habari hizi hawezi kulipita jambo hili kimya.

Vita vya mwaka 1914 vilipotokea, Marafiki hawakupenda kushika silaha, wakaenda kuwasaidia walioharibiwa na vita. Bibi Fry alikwenda Ufaransa mwaka 1915, katika nchi ya Marne, mahali ambapo vijiji vilikuwa vimeteketezwa. Huko aliwaona watu waliopotewa na kila kitu bila kosa lao, na asiyewadhuru ndiye aliyekuja kuwajengea. Naomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Baada ya vita alikaa London pamoja na kaka yake Roger, mchoraji wa picha, na nyumba yao ilikuwa karibu na Holloway, gereza la wanawake ambalo lilifungwa mwaka 2016. Akashika ukatibu wa chama kilichotaka magereza yatengenezwe. Mwaka 1921 chama kile kiliungana na kingine cha tangu mwaka 1866, kilichoitwa kwa jina la John Howard, na Bibi Fry akawa katibu wa kwanza wa chama hicho kipya, Howard League, mpaka mwaka 1926. Mwaka ule ule wa 1921 alifanywa hakimu, miongoni mwa wanawake wa kwanza Uingereza kupewa kazi hiyo. Na mwaka 1922 akawekwa kuwa mshauri wa elimu katika gereza la Holloway. Basi alikuwa hakimu wa kuhukumu, mwalimu wa waliohukumiwa, na katibu wa chama cha kuwasemea. Mtu mwingine angechanganyikiwa.

Kazi ya katibu wa chama cha namna hiyo haina sifa nyingi. Ni barua, na hesabu, na kuwangoja wakubwa mlangoni, na kuandika tena barua ambayo haikujibiwa. Nitaje jambo moja tu katika yale ambayo chama kile kiliyasemea. Zamani zile watu wengi waliingia gerezani Uingereza si kwa kuwa hakimu aliwahukumu kifungo, bali kwa kuwa walitozwa faini wakakosa fedha. Mwenye fedha alilipa akaenda zake, na maskini mwenye kosa lile lile akafungwa. Sheria ya mwaka 1935 ikawaamuru mahakimu kuuliza kwanza habari za hali ya mtu na uwezo wake kabla ya kumfunga kwa ajili ya faini. Ni jambo dogo kuliandika, lakini fikirini ni mama wangapi waliolala nyumbani kwao na watoto wao kwa sababu ya swali moja la hakimu!

Kutoka mwaka 1926 alikuwa mkuu wa chuo chake cha zamani cha Somerville kwa miaka michache. Nayapita hayo, na mengine mengi, pamoja na jitihada yake ndefu ya kuipinga adhabu ya kunyongwa, nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi wa Julai mwaka 1957, alipokuwa na umri wa miaka 83, Bibi Fry aliandika katika gazeti la Observer la London habari za haki ya walioumizwa. Akatoa mfano wa mtu mmoja aliyepigwa hata akapofuka macho. Mahakama iliamua alipwe pauni 11,500. Waliompiga walikuwa watu wawili, nao walikuwa wamekwisha kutoka gerezani. Wakaamriwa kulipa kila mmoja shilingi 5 kwa juma. Tufanye hesabu hii pamoja. Pauni moja ya Kiingereza wakati ule ilikuwa shilingi 20, basi deni lote ni shilingi 230,000. Watu wawili walileta shilingi 10 kwa juma. Hiyo ni majuma 23,000, nayo ni miaka 442. Kipofu yule angepaswa kuishi miaka 442 ndipo aipokee shilingi ya mwisho!

Wala hakimu hakuwa mjinga. Angewatoza zaidi wangekosa chakula, na pengine wangerudi kuiba. Angewaacha gerezani, hata zile shilingi 10 zisingepatikana. Hapa ndipo Bibi Fry, aliyewajua wafungwa kwa miaka 40 na kujua jinsi mifuko yao ilivyo mitupu, alipoona neno ambalo wengine hawakuliona. Alisema kwamba serikali imetukataza sisi raia kutembea na silaha za kujilinda, imeichukua kazi ya ulinzi mikononi mwake. Basi ulinzi wake unaposhindwa, haifai ikunje mikono. Akaonyesha na njia. Kwa sheria ya mwaka 1946 mfanyakazi wa Uingereza aliyeumia kazini alilipwa kutoka mfuko ambao yeye, na tajiri wake, na serikali, wote waliutilia fedha. Kwa nini aliyevunjwa mguu na mashini alipwe, na aliyevunjwa mguu na mnyang'anyi asilipwe?

Sisi Waafrika hatuna haja ya kufundishwa sana shauri hili. Kwa makabila mengi ya bara, mtu akimwua au kumjeruhi mwenziwe ilikuwa ng'ombe au mbuzi, na mkosaji akishindwa, ukoo wake ulilipa pamoja naye. Watu wa Pwani waliita dia. Waingereza wa kale nao walikuwa na desturi kama hiyo. Ndipo baadaye wafalme wakasema kosa ni la mfalme, na faini ikaenda kwa mfalme. Na desturi hiyo ikaletwa kwetu pamoja na mahakama zao. Mwenye mbuzi akaenda barazani akatoa ushahidi, akaona mwizi amefungwa na faini imeingia serikalini, akarudi nyumbani mikono mitupu. Wazee wetu walishangaa, na mimi nasema walikuwa na haki kushangaa. Lakini ukoo ule uliolipa pamoja, leo uko wapi? Mmoja yuko mjini, mwingine migodini, mwingine hajulikani. Bibi Fry alitaka taifa zima lishike mahali pa ukoo.

Nanyi mnaosoma Injili ya Luka mwakumbuka sura ya 10. Yule Msamaria hakumpiga mtu, wala hakuchukua nguo zake. Hata hivyo alilipa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa na zaidi. Alilipa deni la wanyang'anyi. Mara nyingi tumehubiri habari za huruma yake, lakini habari za fedha yake tunazipita upesi. Na Zakayo, katika sura ya 19, hakusema tu kwamba anasikitika.

Nasema haya kwa ajili ya mabaraza ya Kanisa letu pia. Mkristo akiiba hutengwa. Akitubu mbele ya wazee hurudishwa, na watu wote hufurahi, na ni vema wafurahi. Lakini yule mjane mwenye mbuzi ameketi benchi ya nyuma, na hakuna aliyemwuliza kama mbuzi amerudi. Akionekana hana furaha, husemwa kuwa ana moyo mgumu wa kutosamehe. Silipendi neno hilo. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Aliyeiba ana wazee watatu wa kumwombea na mwalimu wa kumtembelea. Mjane ana nani?

Wako wanaoogopa kwamba tukianza kuwasikiliza walioumizwa, huruma kwa wafungwa itakwisha na watu watataka viboko. Bibi Fry hakuogopa hivyo. Naye alikuwa na haki ya kusema, maana hakuna aliyeweza kumshtaki kuwa anawachukia wafungwa.

Alikufa mwezi wa Aprili mwaka 1958, kabla ya kuona tunda lolote. New Zealand ndiyo nchi ya kwanza kuweka sheria ya namna hiyo, mwaka 1963, na ikaanza kulipa mwaka 1964. Uingereza ikafuata mwaka ule ule wa 1964, ingawa kwa muda mrefu malipo yake yalihesabiwa kuwa hisani tu, mpaka yalipotungiwa sheria mwaka 1995. Mwaka 1974, katika mji wa Bristol, mji wa jamaa ya baba yake, watu wa kujitolea walianza kuwatembelea walioibiwa na waliopigwa. Huketi nao, huwasaidia kujaza karatasi za serikali, na kumtafuta fundi wa kutengeneza kitasa kilichovunjwa. Tena waliolianza shauri lile wengi wao walikuwa watu waliofanya kazi na wafungwa. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ukatangaza haki za walioumizwa na wahalifu, miongoni mwake wasikilizwe, wapate habari za kesi zao, na walipwe.

Kwa ndugu zetu wa Kenya, iko sheria ya mwaka 2014 ya kuwalinda walioumizwa. Kwa sheria hiyo aliyeumizwa aweza kuieleza mahakama, kabla hukumu ya adhabu haijatolewa, jinsi jambo lile lilivyomdhuru yeye na nyumba yake. Tena sheria imeagiza uwepo mfuko wa kuwasaidia watu kama yeye. Mwenye kesi ya namna hiyo asingoje kuitwa. Na amwulize mwendesha mashtaka mapema, naye mwalimu wa mtaa afuatane naye siku hiyo, hasa kama mtu mwenyewe hajui kusoma.