Mwacheni mtoto asome kwa mama yake



Wiki iliyopita aliingia kwangu Kariakoo bi harusi na mama yake, wametoka Unguja na boti ya asubuhi kuja kutafuta lesi na kitambaa cha gauni la walima. Nikiwa namzungushia tepu kiunoni, mama akaniambia kwa furaha kwamba mkwe ni kijana wetu wa huku huku, alipata green kadi, akaenda Marekani, akaingia jeshini. Sasa yuko kambini Ujerumani na mke atamfuata huko. "Mwanangu ameula, fundi. Anakwenda kupumzika."

Nilikuwa na pini mdomoni, nikashukuru Mungu kwa zile pini.

Mdogo wangu wa tumbo moja ameolewa na mtu wa namna hiyo hiyo. Mumewe alianzia Killeen, Texas, wakahamishiwa Tacoma, leo wako Grafenwöhr, kusini mwa Ujerumani. Jeshi lile linahamisha watu kila miaka miwili au mitatu, na barua ikishatoka hakuna mjadala. Mtoto wao wa kwanza alifika miaka minane ameshapita shule tatu. Shule moja wanafundisha kuzidisha, akihamia nyingine anakuta wanarudia kuzidisha, akizoea wanahama tena. Sehemu, yaani nusu na robo, hakufundishwa kokote. Kule alikotoka walikuwa hawajafika, alikokwenda walikuwa wameshapita. Mtoto akaanza kusema yeye hana akili.

Ndipo mdogo wangu akaamua kumfundisha mwenyewe nyumbani.

Nitasema kweli, aliponiambia nilimcheka. Mimi elimu yangu ni sekondari na chuo cha ushonaji, na yeye hakunipita mbali. Nikamkumbusha Machi 2020, serikali ilipofunga shule kwa sababu ya corona mpaka mwisho wa Juni. Wanangu walikuwa wanakaa chini ya meza ya kukatia na madaftari, mimi juu nakata, kila dakika "mama, hii vipi?" Shule zilipofunguliwa nilikuwa sina sauti. Miezi mitatu na kitu iliniona, mtu anachaguaje kuishi hivyo miaka?

Lakini nimemwona kwa simu mwaka wa pili huu, na nimebadili maneno. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja wakati wa joto na saa mbili wakati wa baridi, kwa hiyo siku zetu zinakwenda pamoja. Asubuhi mtoto anasoma Qur'an na ustadhi wake wa Ilala kwa simu, kabla ustadhi hajafungua chuo. Halafu hesabu na kusoma, kisha mchana anazungumza na bibi yake kwa Kiswahili, na bibi hakubali neno hata moja la Kiingereza. Juni huko magharibi inaingia saa tatu usiku na kitu, na alfajiri inakuja kabla mtu hajalala vizuri. Mtoto wa kuwahi basi la shule angekuwa mgonjwa au angekosa sala. Wa nyumbani anaswali, anarudi kulala, anasoma akiamka.

Zile sehemu nilizifundisha mimi. Nilimwambia mama yake ampe tepu, akapima pindo la suruali yake, mkono wa shati, mto, paka wa jirani. Kwenye tepu inchi imegawanywa mbele ya macho yako: nusu, robo, thumni. Kwa wiki mbili alikuwa ameelewa kitu alichokikosa mabara mawili. Siku moja akamwuliza mama yake thumni nyingine ipo wapi duniani zaidi ya kwenye tepu. Mama akamjibu kwamba ipo kwenye mirathi, ndiyo fungu la mke aliyefiwa na mume mwenye watoto. Halafu akanyamaza. Baba yuko Kuwait miezi tisa. Nilisikia kimya kile mpaka huku dukani, wateja wakadhani simu imekatika.

Sasa hapo ndipo ukoo ulipoingia. Upande wa mume, na mama yetu pia kidogo, wanataka mtoto aletwe Dar. Aje asome kwa bibi, apate dini, apate Kiswahili, mama yake apumue. Wanasema kwa mapenzi, siwalaumu. Familia nyingi za nje zimefanya hivyo na watoto wengine wametoka vizuri. Hoja yao kubwa ni Bibi Halima Saadia: Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alilelewa jangwani na asiyekuwa mama yake, akajifunza Kiarabu safi. Mtu akikuletea hoja hiyo unaona aibu kujibu.

Mimi nimejibu. Bibi Halima alimchukua kunyonyesha, ilikuwa ada ya Makka, kisha akamrudisha kwa Bibi Amina. Akakaa na mama yake mpaka Bibi Amina alipofariki, naye Mtume akiwa na umri wa miaka kama sita. Huyu wetu ana miaka tisa, baba yuko vitani au karibu na vita, na tunataka tumtoe na kwa mama pia. Tunamwonjesha uyatima wa pande mbili wakati wazazi wake wako hai. Kwa ajili ya nini? Kiswahili anacho, juzuu anazo, bibi anamwona kila siku. Na Luqman tunayemsoma kwenye sura yake, mafunzo yale alikuwa akimpa mwanawe mwenyewe, mdomo kwa sikio.

Na akija huku hatakuta uwanja umesafishwa. Sheria yetu ya Elimu ya 1978 inataka mtoto wa miaka saba awe ameandikishwa shule, na mfumo wetu hauna nafasi ya kusema "huyu anasomea nyumbani". Ataanza shule ya nne, lugha nyingine, mtaala mwingine. Ujerumani nao ni wakali, pengine kuliko sisi. Raia wao hawaruhusiwi kuwasomesha watoto nyumbani badala ya shule, na kuna waliohama nchi kwa sababu hiyo. Familia za askari wa Marekani zinaishi pale kwa mkataba wao wa kijeshi, ndiyo maana mdogo wangu anaachwa. Kambini kuna shule ya bure ya jeshi lao, na hata anayesomea nyumbani anaruhusiwa kutumia maktaba yake na kuingia kwenye michezo. Mtoto anacheza mpira na watoto wa kila rangi. Nasema hivi kwa sababu kuna dada wanasifu kusomea nyumbani kama njia ya kumficha mtoto asione makafiri. Hilo silo ninalolitetea. Jirani anayemletea mdogo wangu maziwa akiwa na homa ni Mkristo wa Alabama.

Ila nisiwafiche gharama. Mdogo wangu alikuwa na mkono wa hina ambao Magomeni nzima walikuwa wanaujua. Leo hana biashara wala shilingi yake, kila kitu ni mshahara wa mume. Siku nyingine hajazungumza na mtu mzima tangu asubuhi. Aliwahi kunipigia analia amejifungia bafuni, mtoto nje anagonga anauliza herufi. Kuna na suala la uraia. Jeshi lile linawafungulia wake njia ya haraka ya kuwa raia wa Marekani, na ukiwa mume anapelekwa huku na kule unaona ni salama kuichukua. Lakini sheria yetu ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Ukiapa kule, huku umetoka, na kuja kumzika mzazi unakuja kama mgeni. Mdogo wangu mpaka leo hajaapa, na kila mwaka wanagombana kwa ajili hiyo.

Hayo nilimweleza yule bi harusi baada ya mama yake kutoka kwenda kutazama lesi Mtaa wa Kongo. Nikamuuliza kama amemwuliza kijana maswali mawili matatu kabla ya akdi: watoto watasoma wapi, akipelekwa mbali mimi nakaa na nani, na fedha yangu mwenyewe itatoka wapi. Akaniangalia. Hakuwa ameuliza hata moja. Amekaa na somo siku kadhaa, anajua kufukiza udi, kupanga vikuba, kupokea wageni wa mume. Mahari imejadiliwa na wazee mara nne. Rangi ya shela imejadiliwa mara kumi, nyingine mbele yangu. Masharti ya halali mke anaruhusiwa kuyaweka kwenye ndoa, hili kila ustadhi atakwambia, na hakuna aliyemkumbusha.

Nikamwambia pia kwamba mdogo wangu, pamoja na kulia bafuni, hajutii kuolewa. Anampenda mumewe, na mtoto hasemi tena kuwa hana akili.

Bi harusi anarudi Alhamisi kujaribu gauni. Ameniomba namba ya mdogo wangu, nimempa, na jana wamezungumza muda mrefu mpaka bando likaisha. Mimi nina kanzu ya Idd ya kukata usiku huu. Vipimo amenitumia mtoto mwenyewe kwa mwandiko wake, amepiga picha karatasi: urefu 42 na nusu, mkono 18 na thumni. Chini ameandika kwamba paka wa jirani amenenepa, amemrudia.